Shihabuddin Ahmad bin Majid, mjuzi wa mwezi na nyota, na tuhuma aliyozuliwa katika bandari ya Malindi

Kila mgeni afikaye Malindi akapelekwa kwenye ile nguzo ya Wareno iliyosimama juu ya jabali la bahari husikia hadithi moja. Huambiwa kwamba Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498 alipewa kiongozi wa kumvusha mpaka Bara Hindi, na kwamba kiongozi huyo alikuwa Mwarabu, Mwislamu, jina lake Ahmad bin Majid. Wako wanaoisimulia kwa fahari, wakaona ni sifa kwetu kwamba Mzungu hakuijua njia mpaka alipoonyeshwa na mtu wetu. Na wako wanaoisimulia kwa laana, wakasema kwamba balaa zote zilizoifika pwani hii, kuanzia Kilwa na Mombasa kutekwa na kuporwa mwaka 1505 mpaka kujengwa Ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1593, mlango wake ulifunguliwa na mtu huyu mmoja. Sisi tumeitazama hadithi hii kwa makini tukaona kwamba wenye fahari na wenye laana wote wamejenga juu ya mchanga. Na kwa kuwa maiti hawezi kusimama akajitetea, tumeona ni wajibu tuwaandikie ndugu zetu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi maisha ya mwanachuoni huyu kama yalivyothibiti, ili wamjue kwa elimu yake kabla ya kumjua kwa tuhuma.

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid bin Muhammad An-Najdi. Nisba ya Najd ni ya asili ya ukoo wake. Yeye mwenyewe ni mtu wa Julfar, bandari ya Ghuba iliyokuwa karibu na pale ulipo leo mji wa Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Wenye kuchunguza taarikhi hukadiria kwamba alizaliwa katika miaka ya 1430 Miladi. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya bahari. Babu yake alikuwa mwalimu wa vyombo na baba yake vilevile. Na mwalimu kwa istilahi ya mabaharia wa zamani si yule asomeshaye watoto chuoni, bali ni yule ajuaye njia, nyota, pepo na vina vya bahari, ambaye nahodha mwenye chombo humtegemea kama mgonjwa amtegemeavyo tabibu. Baba yake alitunga urjuza yenye beti zaidi ya 1,000 juu ya safari za Bahari ya Sham, ikijulikana kwa jina la Hijaziyya, na mabaharia wakaihifadhi na kuiamini.

Sasa tazama alivyofanya mwana. Alipokua akasafiri katika bahari ile ile, akaona kwamba baadhi ya aliyoyasema baba yake hayaafikiani na anayoyaona kwa macho yake. Hakuyanyamazia kwa kuwa msemaji ni mzazi wake, wala hakumvunjia heshima. Aliyasahihisha, akaeleza kwamba amefanya hivyo baada ya kujaribu na kukariri, na akaendelea kumtaja baba yake na babu yake kwa wema. Laiti wale wanaotuambia kila siku kwamba jambo fulani haliulizwi kwa sababu wazee waliliacha hivyo wangelitazama jambo hili kidogo.

Kabla ya kwenda mbele yatupasa tuseme neno juu ya elimu yenyewe, maana jina lake limeharibika midomoni mwetu. Ukisema leo katika miji yetu kwamba fulani anajua falaki, wasikiao hufahamu kwamba mtu huyo hupiga ramli, huhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake akamtolea nyota yake, akampangia siku ya safari na siku ya ndoa, kisha akapokea fedha zake. Hiyo si falaki, ni biashara ya kuuza hofu. Falaki ni kujua mwendo wa jua, mwezi na nyota kwa kutazama na kwa hesabu. Wa kwanza hudai kuyajua yaliyofichika. Wa pili huyatazama yaliyo wazi mbele ya kila mwenye macho. Ibn Majid alikuwa wa hawa wa pili.

Mfano mzuri ni mwezi. Mwezi huizunguka mbingu yote kwa muda wa siku 27 na theluthi moja hivi, na kila usiku husogea upande wa mashariki kati ya nyota kiasi cha daraja 13. Kwa ajili hiyo Waarabu wa zamani waliigawa njia yake mafungu 28 wakayaita manazili, yaani vituo, kila usiku kituo kimoja, na kila kituo wakakipa nyota zake za kujulikana. Thurayya, tunayoiita sisi kilimia, ni kituo kimojawapo. Na moyo wa Nge, ile nyota nyekundu kali, ni kingine. Mwenye kuyajua manazili akitazama juu usiku wowote hujua mwezi umelala wapi jana na utalala wapi kesho. Na kwa sababu jua nalo linasogea upande uo huo, ingawa polepole, mwezi hulikuta tena baada ya siku 29 na nusu, ndipo ukaandama mwezi mpya. Kwa hiyo ajuaye manazili hutazama mahali penyewe jioni ya siku ya 29, wala hababaiki huku na huko angani hata hilali ikatua bila ya kuonekana, kisha watu wakagombana msikitini.

Mwezi huohuo ndio mtawala wa maji. Wavuvi wetu wa Ngomeni na wa mkono wa bahari wa Kilifi hawahitaji kitabu kuwaambia kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja ukiwa nusu. Lakini mwalimu wa chombo hakujua hayo kwa bandari yake peke yake. Ilimbidi ayajue kwa kila bandari aingiayo, maana chombo kilichosubiri bamvua kipite juu ya fungu, kikichelewa siku tatu, chaweza kungoja nusu mwezi.

Ama zile sayari zing'aazo, Zuhura, Mushtari, Mirihi na Zohali, hizo ndizo ziwapendezazo watazamaji na ndizo walizozitumia wapiga ramli kuwatisha watu. Zuhura ikikaribiana na mwezi mwandamo jioni, utasikia kwamba mfalme fulani atakufa au mwaka utakuwa wa njaa. Hakuna lolote. Zuhura hailiachi jua mbali zaidi ya daraja 47 hivi, ndiyo maana haionekani usiku wa manane, bali huwa nyota ya magharibi kwa miezi, kisha ikapotea, ikazuka kuwa nyota ya alfajiri. Na mwezi hupita karibu nayo kila mwezi kwa kuwa njia yao ni moja. Mushtari huchukua karibu miaka 12 kuizunguka mbingu, na Zohali miaka 29 na nusu. Mwenye kuhesabu atajua kabla ya wakati, bila ya jini wala hirizi. Na mabaharia, pamoja na kuwa sayari hizi hung'aa sana, hawakuzipimia njia zao, kwa sababu sayari haikai mahali pamoja. Mtu hafungi chombo chake kwa nguzo inayotembea.

Walichokipimia ni nyota zilizothibiti. Chombo chao cha kupimia kilikuwa kibao cha pembe nne chenye uzi uliofungwa mafundo. Mpimaji huuma uzi au kuushika penye jicho, akakinyosha kibao mbele yake mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota. Fundo alilolifikia ndilo limwambialo nyota iko juu vidole vingapi. Kidole kwa hesabu yao ni sehemu moja katika 224 za duara zima, yaani zaidi kidogo ya daraja moja na nusu. Kila kidole wakakigawa zamu nane, na zamu moja ni mwendo wa saa tatu kwa tanga. Neno hilo la zamu tunalo mpaka leo tukisema zamu ya ulinzi au zamu ya maji, wala hatukumbuki lilikotoka. Tena si hilo peke yake. Matlai tunayoijua kuwa upande wa mashariki na upepo utokao huko ni machomozeo ya nyota. Suheli, jina la kusini, ni nyota kubwa ya upande huo. Na dira, ambayo kwetu ni kile chombo cha sindano, katika vitabu vya Ibn Majid ni njia yenyewe ya safari. Mzunguko wa upeo waliugawa pande 32, wakaziita kwa nyota zinazochomoza na kutua hapo: Jahi, Farkadi, Naashi, Ayuki, Simaki, Thurayya na nyinginezo.

Na sisi wa pwani hii tulikuwa na shida yetu katika elimu hiyo. Ile Jahi, nyota ya kaskazini, hushuka kadiri chombo kiendavyo kusini, na Malindi iko kusini ya mstari wa Ikweta kwa daraja tatu na zaidi kidogo, kwa hivyo haionekani. Mwalimu atokaye Arabuni huona nguzo yake inazama baharini nyuma yake. Hapo Ibn Majid na wenziwe walihamia Farkadi mbili, na zikishuka hizo wakahamia nyota za Naashi, ile inayofanana na jeneza na wachukuzi wake. Kwa nyota hizo ndizo walizozipima bandari zetu.

Sasa turudi kwa mtu mwenyewe. Kitabu chake kikubwa cha kwanza ni Hawiya, urjuza ya beti zaidi ya 1,000 aliyoimaliza Julfar mwaka 866 Hijria, sawa na 1462 Miladi, ndani yake amekusanya kanuni za elimu ya bahari. Alitunga kwa nazma kwa sababu baharia usiku hana taa ya kusomea. Aliyoyahifadhi kifuani ndiyo aliyonayo. Alitunga vilevile nazma juu ya kuitafuta kibla katika kila nchi, maana msafiri wa bahari hukutwa na Sala tano kila siku na hana msikiti wa kumwonyesha. Kisha karibu mwaka 1490, sawa na 895 Hijria, akatoa kile kitabu chake mashuhuri cha nathari, Kitabul Fawaid fi Usuli Ilmil Bahri wal Kawaid. Kina faida 12. Faida ya tatu yote ni ya manazili ya mwezi. Nyingine ni za pande za dira, vipimo vya nyota, na alama za kukaribia nchi kavu kama ndege, nyoka wa bahari na rangi ya maji. Faida ya kumi ni ya visiwa vikubwa, humo ameitaja Unguja na kile kisiwa cha Kumri, ambacho ndicho Bukini. Ya kumi na moja ni ya misimu ya safari kwa hesabu ya siku za Nairuzi, ileile siku ya mwaka ambayo wazee wetu wa bahari na wa mashamba waliihesabia miongo.

Misimu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa elimu yote. Kaskazi huwaleta watu kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, na kusi huwarudisha kuanzia Aprili. Lakini kusi ikipata nguvu, mwezi wa Juni na Julai, bandari za magharibi ya Bara Hindi hufungwa kwa mawimbi. Basi atokaye huku lazima awahi mwanzo wa kusi au angoje mwisho wake. Mwalimu asiyeijua hesabu hii huua watu.

Tena iko urjuza yake iitwayo Sufaliyya, inayotuhusu sisi zaidi ya vyote, kwa kuwa inaeleza njia ya kutoka Bara Hindi mpaka pwani hii na kuteremka nayo hata Sofala, iliyoko leo katika nchi ya Msumbiji. Nakala yake ilikuwa imelala Leningrad katika nchi ya Warusi, isijulikane, mpaka mwanachuoni wao Shumovsky alipoichapisha pamoja na nyingine mbili mwaka 1957.

Hatutaki kumpamba mtu huyu kwa kumficha aibu zake. Alikuwa na kujiona. Aliwataja mabingwa watatu wa kale, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Laith bin Kahlan, akawaita simba wa bahari, kisha akajihesabu yeye kuwa wa nne wao. Na baada ya hapo akaonyesha kwamba hao watatu walikuwa wakusanyaji tu wa maneno ya wengine, wala hawakusafiri mbali na pwani ya Uajemi na Makrani. Kujisifu si tabia njema. Hata hivyo tumeona kwamba kila alipojisifu aliweka mbele ya msomaji kipimo cha nyota na jina la bandari, mtu aweze kwenda kupima mwenyewe akamkadhibisha. Na kwa mwalimu wa chombo alishurutisha uchaji Mungu, tohara, subira, upungufu wa usingizi na kutowahadaa abiria.

Basi tuingie katika ile tuhuma.

Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, wakahasimiana na wenyeji, akaondoka, na wiki moja baadaye akatia nanga mbele ya Malindi. Mfalme wa Malindi alikuwa na ushindani wa siku nyingi na Mombasa, akaona kheri kufanya urafiki na adui wa adui yake. Kulikuwa na ngoma na zawadi kwa siku tisa. Lakini yako mambo ambayo wasimulizi wa nguzoni huyaruka. Katika daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa Wareno wenyewe imeelezwa kwamba tarehe 22 Aprili, zilipopita siku mbili bila ya mtu kutoka mjini, Gama alimkamata mtumishi wa siri wa mfalme aliyekuja jahazini, akamzuia kama rehani mpaka apelekewe kiongozi aliyeahidiwa. Kiongozi akaletwa, mtumishi akaachiliwa. Kwa hivyo kiongozi huyo, awaye yote, alitolewa kwa rehani ya mtu.

Nani basi? Daftari lile linasema alikuwa Mkristo, na Wareno wa siku hizo waliwaita Wakristo wale Mabaniani wa Kihindi waliowakuta na merikebu zao nne bandarini Malindi. Waandishi wa Kireno waliofuata, Castanheda mwaka 1551 na Barros mwaka 1552, wanasema alikuwa mtu wa Gujarati, wakamtaja kwa jina la Malemo Cana au Canaqua. Na hilo si jina. Malemo ni mwalimu, neno letu lilelile, na kanaka katika lugha za Kihindi ni mtu wa hesabu za nyota. Ni kana kwamba mtu ameulizwa jina la daktari akajibu daktari. Barros anaongeza kwamba Gama alimwonyesha mwalimu huyo chombo chake cha kupimia jua, asistaajabu hata kidogo, akaeleza kwamba waongozaji wa Bahari ya Sham wanavyo vya shaba, lakini yeye na mabaharia wa Cambay hupima kwa nyota za kaskazini na kusini kwa kutumia vibao vitatu. Anazungumza kama mtu wa Cambay, na Cambay ni bandari ya Gujarati. Ibn Majid ni mtu wa Julfar, na wakati huo alikuwa mzee mwenye vitabu vilivyoenea. Wareno waliopenda kujisifia kila walichokipata wasingelikosa kuandika kwamba wamempata bingwa huyo.

Hapa liko jambo moja ambalo hatujaliona likitajwa na wasimulizi, nasi tumelipata kwa kuhesabu. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1498, siku aliyokamatwa yule mtumishi wa mfalme, ndiyo jioni ya kuandama mwezi wa Ramadhani ya mwaka 903 kwa hesabu. Watu wa Malindi walikuwa wakiitazama hilali upande wa magharibi na mwenzao amezuiliwa baharini upande wa mashariki. Merikebu zilitweka tanga tarehe 24 Aprili, siku ya pili ya Ramadhani. Tarehe 29 Wareno wakaiona tena nyota ya kaskazini waliyokuwa hawajaiona kwa muda mrefu, yaani wameuvuka mstari. Mwezi ukapevuka wakiwa katikati ya bahari. Na tarehe 18 Mei walipoiona milima ya Malabar ulikuwa umebaki ukucha wa alfajiri. Tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Safari nzima imekatwa ndani ya mwezi mmoja wa Ramadhani, mwanzoni mwa kusi, kama ilivyoandikwa katika misimu. Na ili mtu ajue thamani ya elimu hiyo, atazame marejeo yao. Waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, si wakati wake, bila ya kungoja kaskazi, wakakaa baharini karibu miezi mitatu mpaka walipoiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, na watu wao 30 wakafa kwa maradhi ya fizi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari hawakuwa na watu wa kutosha kuziendesha merikebu zao zote, wakaichoma moja.

Jina la Ibn Majid liliingia kwa mlango mwingine. Zaidi ya miaka 70 baadaye, Kutbuddin An-Nahrawali, mufti wa Makka aliyefariki mwaka 1582, aliandika taarikhi ya Waturuki kuiteka Yaman, iitwayo Al-Barkul Yamani. Humo ameeleza kwamba Wafaranji walikuwa wakipotea na kuangamia mpaka baharia mmoja hodari, Ahmad bin Majid, alipofanya urafiki na mkuu wao, akanywa hata akalewa, ndipo katika ulevi akawaonyesha njia. Nahrawali ni mwanachuoni wa kuheshimiwa, lakini hakuwa baharia, wala hakuwako, wala hakumtaja aliyempokea khabari hiyo. Sisi tuliosoma jinsi maimamu wa Hadithi walivyokuwa wakiuliza kila msimulizi amesikia kwa nani, tumeipokeaje khabari isiyo na sanadi ya kumtia mtu ulevi na khiyana kwa pamoja? Tena ni ulevi gani huo wa kukaa siku 23 mtu anapima nyota kwa usahihi? Ndani ya Sufaliyya zimo beti zinazowataja Wafaranji. Baadhi ya wachunguzi wanaona zimeingizwa na wanakili, na hata tukizikubali, hamna hata moja isemayo kwamba yeye aliwaongoza.

Khabari ya Nahrawali ingelibaki pembeni lau kama si Mfaransa Gabriel Ferrand, aliyezikuta nakala za vitabu vya Ibn Majid katika maktaba ya Paris. Alifanya kazi kubwa ya kuvitoa vitabu hivyo gizani, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini mwaka 1922 aliiunganisha khabari ya Makka na yule Malemo wa Malindi akawafanya mtu mmoja. Kutoka kwake ikaingia katika vitabu vya shule, na kutoka shuleni ikaingia nguzoni. Aliyeipinga kwa hoja ni Mwingereza Tibbetts, aliyekifasiri Kitabul Fawaid mwaka 1971, na pia Ibrahim Khoury wa Sham. Na mwaka 2000 mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, akatoa kitabu kizima cha kumtakasa Ibn Majid na tuhuma hiyo.

Na sisi twaongeza hili: njia yenyewe haikuwa siri. Watu wa Cambay na Malindi waliikata kila mwaka, na Mreno mwingine, Pêro da Covilhã, alikwisha kufika Calicut na Sofala karibu miaka kumi kabla ya Gama, akipanda vyombo vya Waislamu kama abiria.

Shairi la mwisho la Ibn Majid lenye tarehe ni la mwaka 906 Hijria, kama mwaka 1500 Miladi, na baada ya hapo hasikiki tena. Mwaka 1554 amiri wa Waturuki Sidi Ali alipoandika kitabu chake Al-Muhit juu ya bahari ya Hindi, alimtegemea yeye na Sulaiman Al-Mahri, akamsifu kwa kuaminika. Miaka 300 baadaye, mwaka 1854, Mwingereza Burton alipokuwa akitoka Aden aliwaona mabaharia wakimsomea Fatiha mtu waliyemwita Sheikh Majid, wakisema ni walii wa Sham aliyeibuni dira, ingawa sindano ya sumaku ilijulikana baharini kabla hajazaliwa. Walilihifadhi jina wakapoteza kitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa Paris na Leningrad, vikingojea watu wa kuvisoma.